Swali Kuhusu Mzee Yakobo

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimepata wazo litakalonifanya mwalimu wa taaluma. Limenijia kipindi cha tatu, kidato cha nne, chaki mkononi. Wanafunzi sitini na wawili. Nakala za riwaya ni nne, na moja haina kurasa za mwisho, hivyo robo ya darasa haijui kama mhusika mkuu alikufa au alipona. Nikauliza nani ana kitabu chochote nyumbani. Hakuna mkono uliopanda. Kisha Munira, binti wa Mzee Sadala, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao kuna Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili. Mwingine akasema Biblia. Mikono ikaanza kupanda. Hamsini na nane.

Na ndani ya vitabu vyote viwili yumo Yusufu. Ndugu wenye wivu, kisima, jela, ndoto, njaa, msamaha. Ploti ipo, wahusika wapo, mgogoro upo.

Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi tangu Julai. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Mwalimu Asnath wa Kiingereza. Yeye hasemi kama anaitaka. Hiyo ndiyo hila yake. Wakaguzi wanakuja tarehe 11. Watakuta darasa langu linahakiki simulizi ya Yusufu kama fasihi, Waislamu na Wakristo dawati moja.

Kazi hii ni yangu hasa. Babu yangu aliletwa kukata mkonge. Baba Mwislamu, mama Mkatoliki. Sijawahi kukosa pilau ya Idi wala ya Krismasi. Nani mwingine wilaya hii ana sifa hizo?

Jumanne, 3 Septemba

Nimefanya kosa la kumwambia Asnath. Akasema wazo ni zuri, tena limechelewa. Akasema lakini tuwaite wazazi kwanza, na viongozi wa msikiti na kanisa, tuwaeleze kwamba kipindi cha dini kitabaki kama kilivyo na hiki ni cha kusoma maandishi. Akasema watu wakiulizwa mapema huwa wepesi.

Nilimwelewa vizuri sana. Anataka nicheleweshwe hadi tarehe 11 ipite.

Nimeandika andalio la somo kwa mwandiko wangu wa sherehe. Swali la insha nimelifikiria jioni nzima: "Mzee Yakobo ndiye chanzo cha matatizo yote ya familia yake. Jadili." Nimeweka "Mzee" kwa heshima. Mkuu wa shule, Mwalimu Deogratius, alisaini huku anaongea na simu kuhusu tangi la maji. Hakusoma hata mstari.

Jumatano, 4 Septemba

Kipindi bora maishani mwangu, na hakuna mkaguzi aliyekiona.

Walileta vitabu vimefungwa kwa khanga, kwa magazeti, kimoja kwa mfuko wa sukari. Waliosoma Biblia walisimulia kanzu ya rangi nyingi. Waliosoma Kurani walisimulia ndoto na onyo la baba. Walikuwa wanasahihishana bila kugombana. Jacob, ambaye tangu kidato cha kwanza nilidhani ana tatizo la kusema, alisimama akasema ndugu wale walikuwa waongo wasio na akili, maana walipaka kanzu damu wakasahau kuichana.

Munira akainua mkono. Akasema kwa alivyosoma yeye, kanzu inatokea mara tatu. Ya kwanza ina damu ya uongo. Ya pili imechanwa nyuma, na ndiyo inayomtetea Yusufu. Ya tatu anapelekewa baba kipofu, anawekewa usoni, anaona tena. Akasema, "Mwalimu, ni kama kanzu nayo ni mhusika. Inaanza kwa kusema uongo, inaishia kuponya."

 Mimi hilo sikuwa nimeliona, miaka yote kumi na minne ya kazi. Nikasema ndiyo, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimesahihisha. Insha ya Munira ni kurasa tatu. Amelipinga swali langu mwanzo hadi mwisho. Anasema baba alimwonya mtoto asisimulie ndoto yake mbele ya nduguze, hivyo alijua na alijaribu. Anasema mzazi halaumiwi kwa wivu uliomo vifuani mwa wengine. Anasema mtu anayelia mpaka macho yanapofuka na bado hajakata tamaa hawezi kuitwa chanzo cha matatizo. Huyo ndiye aliyeyabeba.

Nimempa kumi na nane juu ya ishirini. Mbili nimekata kwa mwandiko, na kwa sababu si vizuri mwanafunzi kudhani amefika.

Nikamwambia aiandike upya kwenye karatasi kubwa kwa ajili ya wakaguzi. Swali juu kwa kalamu nene nyekundu, insha chini, jina lake mwisho. Akauliza kama aandike kwamba swali nimetoa mimi. Nikamwambia haina haja, mwalimu mzuri hajitangazi. Wakaguzi hupenda unyenyekevu. Nimeibandika kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi.

Jumatatu, 9 Septemba

Mambo yameharibika.

Jumamosi watu walikuja kuchota maji kwenye bomba la shule. Mmoja akapiga picha ubao. Kwenye picha kinachosomeka ni swali na jina tu. Insha yenyewe ina herufi ndogo, haisomeki. "Mzee Yakobo ndiye chanzo cha matatizo yote ya familia yake." Chini yake: Munira Sadala, Kidato cha Nne. Mpaka Jumapili picha ilikuwa imefika kwenye simu za wazazi wote.

Leo saa mbili asubuhi nilikuta ugeni kwenye ofisi ya Mkuu. Mwinjilisti Matayo wa Kerenge na Mzee Sabiri wa msikiti wetu, wamekaa benchi moja. Watu hawa hawajasalimiana tangu ugomvi wa vipaza sauti vya msikiti na kanisa. Matayo alisema Neno la Mungu si hadithi ya sungura na fisi. Mzee Sabiri alisema Nabii haitwi mzee kama mzee wa kijiweni, wala hafanywi mtuhumiwa ili watu wamhukumu. Kila mmoja alipomaliza, mwenzake alitikisa kichwa kukubali.

Nikajaribu kueleza kwamba fasihi ikisema "hadithi" haina maana ya uongo. Nikaeleza vibaya. Nilitaja sungura tena.

Mkuu akauliza swali lile aliandika nani.

Nikasema wanafunzi huchagua mada wenyewe.

Lilitoka haraka, kama kikohozi. Si uongo kamili. Bila shaka ziko shule duniani ambako wanafunzi huchagua.

Mkuu akashusha pumzi. Wale wageni wakatazamana. Mzee Sabiri akasema polepole, "Basi ni mtoto." Wakaondoka wamepungua hasira na wameongezeka huzuni. Nilidhani nimenusurika.

Jumanne, 10 Septemba

Dawati la Munira ni tupu.

Asnath amepita kwao asubuhi. Mzee Sadala ni mjumbe wa bodi ya shule na ndiye mtu wa kwanza kijijini kwake kumwacha binti asome mpaka kidato cha nne huku wenzake wakimcheka. Jumapili msikitini walimuuliza kama hayo ndiyo matunda.  Jana jioni, Mkuu alipompigia simu kwamba mada ilikuwa ya mtoto, alimpandisha Munira basi kwenda kwa shangazi yake Kwamsisi, huko Handeni. Mama yake, Mwantumu, amelia mpaka sauti imekauka.

Asnath aliniuliza, mbele ya walimu wote, kama nina lolote la kusema. Nikasema inasikitisha.

Inasikitisha kweli. Wakaguzi wanakuja kesho, na aliyejua habari ya kanzu ni yeye peke yake.

Jumatano, 11 Septemba

Wakaguzi wamekuja. Wamekagua vyoo, tangi la maji na daftari la mahudhurio. Darasani kwangu hawakuingia. Nilisimama mlangoni na chaki saa nzima.

Mmoja aliona alama ya utoro kwenye jina la Munira, akauliza. Asnath akasema binti ameondolewa na mzazi miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa, na kwamba shule inashughulikia. Mkaguzi akaandika kitu, akamwangalia Asnath kwa heshima. Nimeuona mchezo. Anamtumia mtoto wangu kupandia ngazi yangu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimesikia Asnath ameomba ruhusa Jumatatu aende Kwamsisi. Mimi nitakwenda kesho. Atakayemrudisha Munira ndiye atakayekumbukwa. Nimenyoa ndevu kwa ajili ya picha.

Jumamosi, 14 Septemba

Basi mpaka Mkata, kisha bodaboda. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye soksi. Dereva alinishusha kwa shangazi, Bi Husna, saa sita mchana. Munira alikuwa uani anamenya mihogo. Mikono ina malengelenge. Alipiga magoti akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kama vile nimekuja kusahihisha madaftari.

Bi Husna alinipa kiti na maji. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wa huko huko ameshaulizia, ana shamba zuri la mananasi, mke wake wa kwanza hana tatizo. Akasema kama baba mtu amemwondoa shule, mtoto wa kike hawezi kukaa tu akihesabu mabati.

Nikamwambia Munira nimekuja kumrudisha. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Akaendelea na kisu chake, kisha akasema, "Baba hanijibu simu. Anaamini niliandika vile kwa kichwa changu."

Nikasema atapoa.

"Mwalimu, si lazima apoe. Mwambie tu kwamba swali lilikuwa la kwako. Mimi nikimwambia anaona najitetea."

Nikasema nitamwambia.

"Na insha aisome. Hajaisoma. Nilimtetea yule baba, mwalimu. Wakati naandika nilikuwa namfikiria yeye."

Nikasema nitamwambia, kesho hiyo hiyo. Akasema asante. Picha sikupiga. Hakukuwa na mwanga mzuri.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Sadala. Anaishi njia ya Mashewa, nyumba ya matofali ya kuchoma, na vitabu vyake viko juu kabisa ya kabati, vimefunikwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimejifunza sentensi moja tu. "Mzee, swali lile niliandika mimi." Maneno matano. Nilikuwa nayarudia njia nzima.

Alinipokea vizuri kupita kiasi. Akamwita Bi Mwantumu alete chakula. Ugali, mlenda, kuku. Mtu anayeleta kuku ni vigumu kumkatisha.

Akaniambia hana ugomvi na mimi. Akasema, "Mwalimu, Mwenyezi Mungu mwenyewe ameiita simulizi ile iliyo bora kuliko zote. Mimi naisoma tangu nina miaka tisa na bado kuna mahali nanyamaza. Ninyi mkiitia kalamu nyekundu mnapata nini?"

Nikasema kuutazama uzuri wa maneno nako ni kuyaheshimu.

Akafikiri. Akasema, "Huenda. Usemayo si ya kijinga." Halafu akasukuma bakuli la mlenda upande wangu. "Kinachoniuma ni mwanangu. Tumeisoma pamoja pale barazani, Ramadhani tatu. Nilipofika kwenye macho ya Nabii Yaakubu yaliyopofuka, alikuwa analia. Sasa niambie wewe uliye mwalimu wake. Neno lile alilipata wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali penyewe. Nilipaona wazi kama mlango.

Nikakata tonge. Nikasema watoto wa siku hizi wana simu.

Alitikisa kichwa, akanawa. Aliponisindikiza alinishika mkono mpaka barabarani. Bi Mwantumu alinifungia paja la kuku kwenye karatasi. Nimelila nikiwa njiani. Nitamwambia kwenye kikao cha bodi. Jambo zito kama hili linataka kikao.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha bodi. Nitaandika yote.

Kabla ya kuanza, Mkuu alininong'oneza kwamba jina la mwalimu wa taaluma litapelekwa wilayani Ijumaa, na kwamba nikimaliza leo bila doa, yeye hana pingamizi. Angeninong'oneza baada ya kikao, huenda mambo yangekuwa mengine. Watu hawafikirii.

Matayo alisema yake. Mzee Sabiri alisema yake. Nilipoulizwa nina nini cha kuongeza, nilisimama. Sentensi ilikuwa mdomoni. Nikasema nimejifunza mengi kutoka kwa wazee, nikakaa.

Asnath akasimama. Hakunitazama. Akatoa faili la maandalio ya masomo kutoka kabati la Mkuu mwenyewe, akafungua tarehe 4, akaliweka mezani mbele ya Mzee Sadala. Swali langu. Mwandiko wangu wa sherehe. Saini ya Mkuu pembeni.

Mkuu aliangalia saini yake kama mtu anayeangalia nyoka kitandani.

Mzee Sadala aliisogeza karatasi, akaisoma kwa kidole. Hakupaza sauti.

"Jumapili ulikula kwangu," akasema.

Nikasema nilikuwa natafuta nafasi.

"Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

 Asnath akauliza kama anaweza kusoma insha. Akaisoma yote, kurasa tatu. Alipofika pale pa mtu anayelia mpaka macho yanapofuka, Mzee Sadala aliinua mkono kumsimamisha, akavua kofia, akaishika magotini. Kisha akamwashiria aendelee. Mwinjilisti Matayo alikuwa anatazama sakafu.

Insha ilipokwisha, mzee aliomba aione. Akaigeuza.

"Hapa mmeandika kumi na nane. Juu ya ishirini. Mbili zilikwenda wapi?"

Nikasema mwandiko.

Bodi iliamua vitabu vya dini visirudi kwenye kipindi cha fasihi. Asnath alipinga, akasema kosa halikuwa la kitabu. Mzee Sabiri akasema anaelewa, lakini nyumba ikishaungua mtu hajadili kibiriti. Mzee Sadala hakupiga kura upande wowote. Alisema yeye hakatai mtoto wake asome kwa macho mawili, la imani na la fasihi. Alichokataa ni mtoto kuachwa peke yake pale ukutani. Akatoka kwenda kutafuta basi la Mkata.

Jina la Asnath linapelekwa Ijumaa.

Jumatatu, 23 Septemba

Munira amerudi. Baba yake alimleta mwenyewe mpaka mlango wa darasa, amebeba begi lake la madaftari. Mimi nilikuwa ndani. Hakunisalimia. Nilimwamkia mimi, shikamoo mzee, kwa sauti. Aliitikia marahaba kwa sababu ni mtu wa adabu.

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Mtoto yupo, mtihani upo. Watu walikuza mambo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Leo tulikuwa na shairi. Shairi fupi, la mvua inayonyesha upande mmoja wa mlima. Niliuliza mvua inaweza kuwa na maana gani. Jacob aliinamia dawati. Hamsini na nane waliinamia madawati. Nikamwita Munira, kumpa heshima yake.

Akasimama. "Sijui, mwalimu. Naomba uandike ubaoni."

Nikamwambia ajaribu, hakuna jibu baya. Akabaki amesimama, mikono mgongoni. Malengelenge yamekauka, yameacha makovu meupe.

"Andika ubaoni, mwalimu. Nitanakili."

Nikaandika. Akanakili. Kabla ya kengele ya kutoka nimesahihisha madaftari na kuyarudisha. La kwake halina kosa hata moja, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Na mwandiko umenyooka sana. Nimempa ishirini juu ya ishirini. Nilidhani atatabasamu. Alilifunga daftari bila kuangalia alama.

Nimemwambia Asnath kwamba nidhamu yake imeimarika. Asnath aliondoka ofisini akaacha chai yake mezani. Mwanamke huyu haridhiki na lolote.

Jumatatu, 13 Januari 2025

Shule mpya, upande wa Handeni. Nimehamishwa. Barua inasema "kwa manufaa ya kazi," na hivyo ndivyo ninavyoichukulia: wameona huku ndiko kunakohitaji mtu kama mimi. Riwaya hapa ziko mbili. Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi, na mshindani wangu ni mzee wa hesabu anayekaribia kustaafu, mtu wa kusinzia.

Likizo nzima nimekaa nikilifikiria lile jambo, na nimejifunza. Sikuwa makini. Mtu mzima haandiki swali kwenye andalio la somo likawekwa kabatini likisubiri adui. Mtu mzima habandiki kitu ukutani. Safari hii nitachukua habari za Ayubu, ambaye naye yumo kwenye vitabu vyote viwili, tena ana mateso mengi zaidi, na swali nitalitoa kwa mdomo.

Darasa ni la watu hamsini. Dawati la mbele anakaa msichana anaitwa Grasiana. Anauliza maswali kabla sijamaliza sentensi. Leo nimemwambia abaki baada ya kipindi, nina kazi maalumu ya kumpa.